Usipulize thina chumbani: matatu ya modeli isimzibe mtu pumzi

Wewe unayekata kadibodi usiku wa manane ukijenga matatu ya Bamburi huku wenzako wamelala, haya ni yako. Wewe pia unayetengeneza majahazi madogo ya mapambo ili yauzwe kwa wageni karibu na Fort Jesus. Na kama wewe ni mzazi na chumba cha kijana wako kinanuka kama gereji, usipite. Hiyo harufu ndiyo nimekuja kuisema.

Maneno yangu ni haya: tuache kupuliza rangi za mkebe na rangi za magari ndani ya nyumba zetu za kisiwani. Tuhamie akriliki za maji, tuzipulize kwa eabrashi. Kwa ambaye hajaiona, eabrashi ni kama kalamu nene ya chuma yenye kikombe kidogo juu. Hewa inapita ndani, inakutana na rangi kwenye ncha ya sindano, inaitoa kama ukungu. Ile bunduki ya rangi ya gereji hupaka mlango mzima wa gari kwa mpigo mmoja. Hii yaweza kuchora mstari mwembamba kama wa kalamu.

Najua kuna wenzangu watabisha. Wabishe tu, lakini wanisikize kwanza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea diploma ya ujenzi, karo ikanishinda, na nikisema ukweli wote, hata hamu ilikuwa imeniisha. Kitu kimoja nilichotoka nacho ni rula ya vipimo, ile ya pembe tatu yenye mizani sita tofauti. Mamangu akiiona mezani huguna, kwa sababu anajua ilimgharimu mihula mingapi. Lakini rula hiyo ndiyo iliyonitenganisha na mtoto anayechezea gari la waya na tairi za champali. Mtoto anakisia, mimi napima. Matatu ya abiria 14 ina urefu wa karibu mita tano. Ukiigawa kwa 24 unapata sentimita 20 na kitu. Mlango unakaa pale mlango unapokaa, na kioo cha dereva kina mteremko wake halisi. Nafanya hivyo kwa ule ubao mwepesi wa plastiki wanaotumia mafundi wa mabango. Wakikata mabango yao vipande vinabaki, nami naviokota.

Kujenga nilikuwa najua. Tatizo lilikuwa rangi. Nilianza na brashi ya kawaida, ikaacha mistari kama ukuta uliopakwa na mtu mwenye haraka. Nikahamia mikebe ya kupuliza. Halafu rafiki wa gereji akanigawia mabaki ya rangi ya gari pamoja na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha. Ee bwana, ilikuwa inang'aa! Unaona uso wako kwenye bodi. Niliuza matatu mbili kwa wiki moja, nikajiona nimefika.

Sasa, unajua nyumba za Mji wa Kale zilivyo. Kuta nene, ngazi nyembamba, vyumba vinavyofunguka kimoja ndani ya kingine, na hewa inapanda kutoka chini kwenda juu kama moshi kwenye dohani. Kitu kikipikwa chini, aliye juu anajua kina bizari gani. Ulikuwa mwezi wa Machi, joto la kaskazi limebana, na mimi nilikuwa nimefunga dirisha. Ndiyo, nimefunga, kwa sababu upepo huleta vumbi na vumbi likiangukia rangi mbichi kazi imeharibika. Nikawa napuliza bodi nyekundu. Mdogo wangu wa kike, ana miaka 11, alikuwa amelala chumba cha pili. Ana pumu tangu utotoni.

Kama saa sita usiku mama alinigongea mlango. Hakusema kitu, alinivuta mkono tu. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mabega yamepanda, kila pumzi inapiga mluzi, midomo imeanza kubadilika rangi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Tulimbeba tukashuka ngazi, tukatembea kichochoro kizima mpaka barabarani ambapo tuktuk inafika, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda kisiwani, ingawa ni dakika tatu. Hospitali walimwekea mashine ya mvuke. Daktari akauliza, "Nyumbani kuna mtu anavuta sigara?" Mama akasema hapana. Kisha akanitazama mikono. Ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kiwiko.

Mtoto alirudi nyumbani asubuhi, alhamdulillahi. Mama hakunipigia kelele. Alikusanya mikebe yote na chupa ya thina, akavipanga nje ya mlango wa barazani, akaingia ndani kulala. Mpaka leo hajalizungumzia jambo lile. Afadhali angenitukana.

Ndipo nikaanza kusoma, jambo ambalo chuoni halikuwa likinipendeza sana. Thina ya rangi za magari kwa kawaida huwa na vimiminika kama toluini na zailini. Mvuke wake unapanda kichwani, ndiyo maana ukimaliza kupuliza unahisi umelewa na kichwa kinagonga. Hilo wengi tunalijua na tunalifanyia mzaha. Tusilolijua ni lile la hadina. Rangi zile za kuchanganya sehemu mbili huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, na hizo zinajulikana duniani kote kuwa chanzo cha pumu kwa mafundi wanaopuliza magari. Si kwamba zinamsumbua tu mwenye pumu. Zinaweza kumpa pumu mtu ambaye hakuwa nayo. Na mwili ukishazizoea vibaya, hata kiasi kidogo sana baadaye kinatosha kukukaba. Wenzetu wenye viwanda vya maana hupuliza rangi hizo ndani ya chumba maalumu chenye feni, wamevaa vifuniko vinavyoletewa hewa safi kwa mpira. Sisi tunapuliza tukiwa na fulana tumeifunga puani.

Na usiniambie habari ya zile barakoa za bluu zilizobaki tangu Korona. Hizo hazizuii mvuke. Unaweza kuvaa tatu kwa pamoja na thina itapita kama vile hujavaa kitu.

Miezi miwili sikugusa modeli. Nilikuwa nasaidia kibanda cha simu huko Mwembe Tayari, nakaa naangalia matatu halisi zikipita, zinaniuma. Kisha mteja mmoja wa zamani akataka jahazi la zawadi, na nikaamua nitajaribu rangi ya maji. Eabrashi nilipata ya mtumba, yenye sindano ya milimita 0.3, ile ya kitufe cha kazi mbili: ukibonyeza chini inatoa hewa, ukivuta nyuma inatoa rangi. Kidole kimoja kinafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwanzoni utaikasirikia.

Kosa la kwanza nilitumia rangi ya ukuta, ile ya maji ya ndoo. Usijaribu. Punje zake ni kubwa, sindano iliziba kabla sijahesabu kumi. Akriliki za wachoraji, zile za tyubu zinazouzwa kwenye maduka ya vitabu na vifaa vya sanaa, hizo zinafanya kazi, mradi uzipunguze polepole na uzichuje kwa kipande cha soksi ya nailoni. Zipo zilizotengenezwa hasa kwa eabrashi, Vallejo kutoka Uhispania kwa mfano, lakini hizo utaagiza, na ukiagiza utasubiri.

Uzito wa rangi ndio mtihani mkubwa. Vitabu vya Wazungu husema iwe kama maziwa. Mimi nitakwambia kwa lugha ya jikoni kwetu: isiwe tui la kasimele, iwe tui jepesi. Itikise kwenye kikombe, iache iteremke ubavuni. Ikiteremka na kuacha utando mwembamba unaoona ndani yake, sawa. Ikibaki nzito, itatoka kwa matonge. Ikikimbia yote kama maji, ukipuliza karibu itatawanyika pande zote kama miguu ya buibui, na hapo utajua umezidisha. Presha iwe kati ya psi 15 na 20, ncha ikae sentimita tano hadi kumi kutoka kwenye kazi. Anza hewa kabla ya rangi, maliza rangi kabla ya hewa. Tabaka la kwanza lisifunike kitu. Narudia kwa sababu hapa ndipo vijana wote tunapofeli: tabaka la kwanza lionekane kama vumbi tu. La pili lionekane kama umekosea. La tatu au la nne ndilo rangi.

Halafu kuna Mombasa yenyewe. Video zote za mtandaoni za kazi hii zimetengenezwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Hakuna anayekwambia kwamba kwenye joto letu akriliki hukauka juu ya sindano kabla hujafika kwenye modeli, unavuta kitufe hakuna kinachotoka, kisha ghafla inatema. Dawa yangu ni tone moja la gliserini ya duka la dawa kwenye kikombe, ili rangi ichelewe kukauka, na kitambaa chenye maji cha kufutia ncha kila dakika mbili tatu. Tone moja, si kijiko. Niliweka kijiko mara moja, jahazi lilikaa siku nne likinata kama kashata.

Na unyevu! Hewa yetu imejaa maji. Kompresa ikiibana, maji yanatoka kwenye mpira kwa matone na kurukia kazi yako. Lazima uwe na kile kichupa cha kunasa maji kati ya kompresa na eabrashi, na ukimwage kila baada ya muda. Lakini hapa ndipo nataka mafundi wa thina wanisikize. Huo unyevu unaowasumbua wenye akriliki unawaua nyinyi zaidi. Nani hajapuliza rangi ya mkebe wakati wa masika, mwezi wa Mei, akaona nyeusi yake imegeuka ukungu mweupe? Si rangi feki, usimlaumu mwenye duka. Thina inayeyuka haraka, inapoza uso wa modeli, na maji ya hewani yanaganda juu yake kama kwenye gilasi ya maji baridi. Akriliki ya maji haina tabia hiyo. Kwa hali ya hewa ya kisiwa hiki, rangi ya maji ndiyo yenye akili.

"Lakini kompresa ni ghali." Sawa, ni ghali. Wapo wanaotoa ile ya friji iliyokufa. Haipigi kelele, na fundi wa friji anaweza kukufungia, ingawa mpe fundi, usijifungie mwenyewe. Na kamwe usigeuze mtungi wa gesi ya kupikia kuwa tangi la hewa, tafadhali. Mimi nilianza na tairi. Naam, tairi la akiba la gari dogo. Unalijaza kwa fundi wa pancha, unafunga mpira kwenye vali na kidhibiti cha presha katikati, unapuliza. Ni mbinu ya zamani ya wajenzi wa modeli ughaibuni kabla kompresa ndogo hazijazagaa. Hewa yake haidumu, ni dakika chache tu za kubonyeza, kwa hiyo nilikuwa naliviringisha tairi kichochoroni mara tatu kwa siku, wazee barazani wananiuliza gari liko wapi. Faida yake ni kwamba stima zikipotea, wewe unaendelea.

Wengine wananiambia akriliki inabanduka. Inabanduka kwa sababu hukuosha modeli. Mikono yetu ina mafuta, hasa ukitoka kula viazi karai. Osha kwa maji ya sabuni, piga msasa mwembamba, weka praima, iache ikauke siku nzima. Rangi yenyewe ukiigusa baada ya dakika kumi utadhani iko tayari, haiko. Ukiweka tepu kabla ya saa 24, na msimu wa mvua zaidi, utang'oa tepu pamoja na rangi na heshima yako. Mwishoni pitisha vanishi ya maji. Matatu yangu ya kwanza ya akriliki iko mezani kwa mwenyewe, inashikwashikwa na watoto, haijatoka hata ganda.

Kuhusu matatu, kuna jambo moja huwa nalichekea peke yangu. Sheria za Michuki zilipokuja mwaka 2004, kila matatu ikavalishwa mstari wa njano. Novemba 2018 serikali ikazirudisha kwa ukali, polisi barabarani, watu wakatembea kwa miguu. Wenye michoro yao wamekuwa wakiipaka na kuifuta kulingana na upepo wa serikali. Sasa, katika rangi zote duniani, wakubwa walichagua ile iliyo ngumu zaidi kupuliza! Njano ya akriliki haifuniki. Ukiipuliza juu ya bodi nyeusi unapata kijani cha ugonjwa. Lazima kwanza upitishe mstari mweupe, uukaushe, kisha njano tabaka nne nyepesi, halafu ung'oe tepu polepole ukiielekeza nyuma huku umeacha kupumua. Nikimaliza mstari wa njano ulionyooka nahisi nimepita ukaguzi wa gari.

Lakini juu ya mstari huo, kwenye modeli, hakuna askari. Unaweza kuchora nganya ya ndoto zako, uso wa msanii, mawingu ya zambarau yanayofifia kuwa samawati. Kule kufifia, rangi moja kuingia ndani ya nyingine bila kuona mpaka, hakuna brashi wala mkebe utakaokupa kwa kitu chenye urefu wa kiganja. Ni eabrashi tu. Watu wanadhani ni mchezo wa watoto. Dennis Muraguri kule Nairobi amejenga jina kwa picha na sanamu za matatu, na hakuna anayemwambia aache michezo akatafute kazi. Sisi wa huku bado tunaambiwa.

Tukirudi Mji wa Kale, mimi siku hizi moyo wangu uko kwenye majahazi. Nitasema na wengine wakasirike: majahazi mengi ya mapambo tunayouza ni ya aibu. Mbao zimekwanguliwa vizuri, tanga limeshonwa vizuri, kisha mtu anamimina vanishi ya fanicha juu, linang'aa kama kabati la harusi. Jahazi gani linang'aa hivyo? Shuka mpaka Bandari ya Kale ukaangalie. Kwa desturi, mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya samaki, mpaka zinapata kahawia nzito yenye weusi kwenye maungio, pale mafundi walipopiga kalfati. Chini ya mstari wa maji hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, nyeupe chafu, si nyeupe ya shati la Idi. Tanga lina madoa ya chumvi na ya mikono.

Haya yote yanawezekana kwa akriliki. Unapuliza kahawia nyeusi kwanza, modeli nzima. Kisha rangi nyepesi kidogo katikati ya kila ubao, ukiyaacha maungio yabaki na kivuli. Kisha kahawia nyekundu iliyopunguzwa mpaka inakaribia kuwa maji, inapita juu ya vyote na kuviunganisha. Chini unaweka tepu, unapuliza nyeupe iliyotiwa tone la kijivu na tone la njano. Jahazi la mita 18 kwa kipimo cha moja kwa 72 ni sentimita 25, linakaa juu ya televisheni, na mtu wa Lamu akiliona atanyamaza kidogo kabla ya kuzungumza. Ndoto yangu kubwa ni Santo António de Tanná, ile meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Vitu vilivyotolewa chini ya maji vimo kwenye makumbusho pale pale ndani ya ngome. Nimeshakwenda kuvitazama mara nyingi, mlinzi amenizoea.

Nyumba pia nimejaribu. Kaunti ilipoagiza mwaka 2018 majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu, nilikuwa na kelele zangu kama kila mtu. Leo buluu ile ndiyo niliyoichanganya mara nyingi kuliko rangi yoyote na bado sijaipata sawasawa.

Sasa nisikudanganye. Akriliki ya maji si maji ya kunywa. Haina mvuke wa thina, lakini ukiipuliza inakuwa ukungu, na ukungu ule ni plastiki na unga wa rangi vinavyoelea. Ukiuvuta unaingia kifuani vilevile, na baadhi ya rangi, zile zenye kadimiamu kwa mfano, hazitakiwi kupulizwa kabisa. Soma tyubu kabla ya kununua. Kwa hiyo navaa barakoa ya N95, ile inayobana pua. Nimekata boksi la televisheni, nimeweka feni nyuma yake na mpira mpana unaotoka dirishani, napuliza nikielekeza ndani ya boksi. Dirisha liko wazi. Vumbi likianguka, nasubiri ikauke, napiga msasa, narudia. Na sipulizi mdogo wangu akiwa nyumbani. Akiwa shuleni napuliza, akirudi nimekwisha, nakata vioo na kupanga viti. Ndiyo, kasi imepungua. Zamani nilikuwa namaliza matatu moja kwa siku mbili, sasa wiki nzima.

Na hapo ndipo pesa inapoingia. Wiki nzima huwezi kuuza kwa bei ya siku mbili. Mteja atakwambia, "Kijana, hii si kadibodi tu?" Mwonyeshe. Mimi napiga picha kila tabaka, namtumia, akifika tabaka la tano ameacha kubishana. Nilipeleka hata fomu kwenye ofisi moja inayotoa mikopo kwa vijana. Pale kwenye aina ya biashara nikaandika modeli. Karani akanitazama toka juu mpaka chini, akadhani ni ya kutembea kwenye jukwaa la mitindo. Tungeomba kuku tungepewa, wallahi. Ikiwa kuna mkubwa anasoma hapa: kompresa moja, kichupa cha kunasa maji na feni ya kutolea hewa kwenye ukumbi wowote wa vijana kisiwani kingetoa mikebe vyumbani mwa vijana wengi, na sisi tungefundishana bure.

Lile jahazi la zawadi, la akriliki, nilipolimaliza nililipeleka barazani kabla halijamfikia mwenyewe. Kuna ami mmoja pale amekula umri wake kwenye majahazi. Alilichukua kwa mikono miwili, akaligeuza, akalileta puani.

"Umelipaka sifa?"

"La, ami. Rangi ya maji tu."

Akanusa tena. "Haya, sifa hunuka. Hili halinuki." Nikadhani nimepita. Kisha akaweka kidole kwenye ule mstari mweupe niliojivunia usiku mzima. "Lakini shahamu umeishusha mno. Likipakiwa mzigo hili, maji yatafika kwenye mbao tupu. Lirudishe ukalipake."

Nimelirudisha. Tepu iko mezani, na mdogo wangu anatoka kwenda shule saa moja.